Zege Lililokuta Msiba

Mama yangu aliogopa mvua kuliko simba. Tangu miguu yake ilipogoma, alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na sakafu ya nyumba yake kule Koboko ilikuwa ya udongo. Kiangazi kiti kilipita vizuri. Masika magurudumu yalizama, naye akabaki palepale kama kigingi mpaka mtu aje kumkwamua. Mtu huyo alikuwa jirani yake, mwanamke wa rika lake, aliyemtoa nje kila asubuhi na kumsukuma kanisani kila Jumapili, akimsuta njia nzima: "Wewe iko nzito kama gunia ya muhogo mbichi." Mama alicheka mpaka akapaliwa.

Kwa hiyo nilipomjengea mama nyumba mpya kando ya ile ya zamani, nilichokitaka kuliko yote ni sakafu. Chumba, baraza na mteremko wa kuingilia, viwe kitu kimoja kisicho na ngazi. Baraza yangu mwenyewe, Arua, tuliikoroga kwa koleo, leo kipande, kesho kipande, ikapasuka hata mijusi wakapata vyumba vya kupangisha. Safari hii niliagiza zege lililokorogwa tayari, kwenye mtambo ulio nje ya mji wa Arua.

Mimi ni zao la masomo ya jioni. Nilipata cheti nikiwa na ndevu zenye mvi, na mtu wa namna hiyo akijifunza mita za ujazo hapati usingizi mpaka azitumie. Nilimsomea mpokea oda urefu, upana na kina kama ninajenga uwanja wa ndege.

"Bosi, sawa," akasema. "Lakini watu yako iko tayari? Gari ikifika, mumwage. Hii kitu haingoji mutu."

Nikamwambia Koboko nzima iko tayari, imeshika makoleo.

Siku yenyewe nilipanda mbele, pembeni ya dereva, lile pipa likizunguka nyuma yetu kama tumbo la tembo aliyekula shamba zima. Tulipopita Onduparaka, vijana wa mpira walitupungia mikono, nami nikawapungia kama waziri. Njia nzima nilimweleza dereva nyumba ya mama, na kila kilomita nyumba ilizidi kukua.

Karibu na nyumbani niliona turubai limefungwa uani kwa jirani, na wanawake wameketi chini. Dereva alipunguza mwendo kabla sijamwambia.

Jirani yule alikuwa amefia hospitalini jana yake. Simu ya mama haikuwa na chaji, na kila mwingine alidhani mwenzake ameshanipigia.

Kwetu, maiti akiwa hajazikwa, kijiji hakilimi, hakijengi, hakigongi hata msumari. Jembe linaloruhusiwa ni la kaburi tu. Mafundi niliowapanga kusambaza zege walikuwa kaburini, wakichimba.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa cha msiba kimefungwa kiunoni.

"Rudisha gari," akasema.

"Mama, hii itakuwa jiwe ndani ya pipa."

Dereva alivua kofia. "Mama, pole sana. Ukisema nirudi, narudi. Lakini Arua haitafika. Nitamwaga njiani, kwa majani."

"Mwaga huko."

"Na sakafu?" nikauliza.

"Nimekaa kwa udongo miaka yote. Nitakaa."

Sikuwa na uwezo wa kuagiza lori lingine mwaka ule, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Aliyekuwa akimkwamua mama ndiye aliyelala mle ndani. Nilitaka kwenda kumwomba mume wa marehemu ruhusa. Mama akanikataza kwa jicho.

Lakini pipa halina heshima, lilikuwa linaunguruma. Mzee huyo akatoka mwenyewe, shati la kanisani likiwa wazi vifungo.

"Nisamehe, shemeji," mama akasema, amejifunika uso. "Inaondoka."

"Inaenda wapi? Si ndiyo ile ya sakafu?"

"Mila iko mila."

"Mila ya msiba ni ya wenye msiba. Mke yangu alikusukuma kwa matope mpaka mgongo yake ikapinda. Leo nimzike, na sakafu yako itupwe?"

Akaenda kusema na ndugu zake. Tukangoja, pipa likizunguka, dereva akitazama saa yake kwa siri. Mzee aliporudi, nyuma yake walikuja wanaume wenye udongo wa kaburi mpaka magotini.

"Wamekubali," akasema. "Bila kelele."

Mama akafunua uso. "Basi yeye kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa. Wilbaro za kwanza zilikwenda kaburini, zikamwagwa chini taratibu, zikasawazishwa kwa ubao. Zilizofuata zikaja kwetu. Nimeona zege likimwagwa mara nyingi, na daima kuna kupigana makelele, kutukanana na kuimba. Siku ile watu walifanya kazi wamefunga midomo. Yalisikika makoleo tu, na kilio cha wanawake upande wa pili. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nilisukuma wilbaro kama wengine.

Alasiri tulimzika.

Sakafu ilipokomaa, tulimwingiza mama. Akakisukuma kiti mwenyewe, ukuta hadi ukuta, akatoka barazani, akageuka, akarudi. Hakukwama popote. Nilisubiri aseme neno. Akateremka mpaka mteremko ulipoishia, magurudumu ya mbele yakagusa udongo uliolowa.

"Nisukume mpaka kwa mzee," akasema. "Tangu asubuhi sijaona moshi kwake."

Nikashika kiti, nikasukuma. Kweli, alikuwa mzito.