Mwendo wa Babu

Shangazi alinipa hadithi ya babu kwa sharti moja. "Mtembeze polepole, mwanangu. Siku alipofukuzwa kibanjani hakukimbia." Kibanja hicho cha migomba, kijijini Izigo, mkama, mtawala wetu, alimpa mtu wake, na watu husema mzimu wa babu bado hupita kwenye migomba ile, umejifunga lubugo, nguo ya gome la mti.

Bwana mmoja wa sinema pale Bukoba alitaka nimchoree filamu fupi ya michoro. Alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia: hatua moja, picha kumi na mbili, ndipo mtu atembee polepole. Mimi nilichoka, au ulikuwa uvivu tu, sijui. Nikachora nne, nikidhani macho hayatajua.

Tuliionyesha shuleni mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Babu akatokea migombani, akaruka kama chura.

"Ee mzee, umekanyaga siafu?" mtu alipaza sauti, na darasa zima likacheka. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilitabasamu kabla sijamwangalia shangazi.

Alikuwa amekwisha kusimama. Nilimfuata nje nikamwambia nitachora upya.

"Mkama alimfukuza baba yangu, lakini hakuweza kumkimbiza," alisema. "Wewe umemkimbiza."

Nilichora upya kweli, kumi na mbili kwa kila hatua. Nilipomaliza, yule bwana alikuwa amehamishwa, na mashine yake ya sinema ameondoka nayo. Picha zimo sandukuni, babu amesimama katika kila moja. Shangazi hajaomba kuziona, nami sidhani kama nina haki ya kumwonyesha.