Wilhelmina na Filamu ya Taa

Ukienda kununua nyanya kwa Wilhelmina pale sokoni Pasiansi, jiandae kuulizwa umeangalia filamu gani wiki hii. Ukijibu kwamba hujaangalia yoyote, atakutazama kama mtu aliyesikia unaumwa, atakuongezea nyanya moja, na kabla hujafunga mfuko atakuwa amekwisha kukwambia uangalie nini na kwa nini.

Maoni yake hayana aibu. Filamu ambayo watu wake hawali, yeye haiamini. "Mtu anapigana, anapenda, anasafiri, anazeeka, na hujamwona hata na kikombe cha chai," husema. "Huyo ni mtu gani?" Filamu kubwa za Wamarekani anaziangalia, ila ana kinyongo nazo. Mji mzima unaanguka, maghorofa yanalala chini, halafu watu wawili wanakumbatiana juu ya vifusi na hakuna hata mmoja anayekwenda msibani. Za Wanaijeria anaishia sehemu ya kwanza. Mchawi akishakamatwa, kwake yeye inatosha. Za hapa nyumbani anazipenda kama anavyompenda binti yake, yaani kwa kugomba.

"Geti linafunguliwa. Gari linaingia. Geti linafungwa. Mtu anashuka, anaangalia simu, anatembea mpaka mlangoni. Jamani, mimi nimemaliza kumenya vitunguu na hakuna aliyesema neno!"

Kusifu pia anajua. Kuna filamu moja ya Kichina, ya zamani, ambayo hata wapenda ngumi wa mtaani wameisahau. Ndani yake mzee mwenye mgahawa anawapiga majambazi kwa vigoda vya wateja wake. Wengine wakiikumbuka husifu mapigano. Wilhelmina husifu kinachofuata: mzee anaokota vigoda kimoja kimoja, anavifuta vumbi, anavirudisha kwenye meza zake.

"Yule kalelewa," husema.

"Mama Princess, mteja anataka nyanya, hataki mahubiri," humkatiza Hellen, jirani yake anayeuza dagaa kwenye meza ya pili.

"Mahubiri ni nyongeza. Na wewe ungeyasikiliza usingelia kwenye ile tamthilia ya Kihindi ambayo mama mkwe analia kwa jicho moja."

Mapenzi hayo aliyapata Nyakato, alipokuwa msichana anafanya kazi kiwanda cha nguo. Baada ya kazi, yeye na wenzake walikwenda kwenye banda la video lililojengwa kwa mabati, wakakaa kwenye mabenchi, pamba ikiwa bado nyweleni. Mbele kulikuwa na televisheni moja, na kando yake alisimama mtafsiri na kipaza sauti. Filamu ya kigeni haikuangaliwa hivihivi. Sauti yake ilipunguzwa, na mtafsiri akasema yote mwenyewe: ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto, hata ya mbwa. Mtafsiri wa Nyakato aliitwa Ngosha, na mikononi mwake hakuna mtu aliyekuwa mgeni. Jambazi wa mji wa mbali alikuwa "yule jamaa wa Misungwi aliyetoroka na ng'ombe wa mkwewe". Malkia alimwambia mfalme kwamba ugali unapoa. Hakuna aliyeuliza Ngosha alijifunzia wapi lugha zote hizo.

Hapo ndipo Wilhelmina alipoiona Filamu ya Taa. Jina lake halisi hakulijua, kwa sababu karatasi ya kwenye kaseti ilikuwa imefutika. Haikuwa ya Kihindi wala ya Kichina. Mwanamume mmoja mpole analinda taa kwenye gati la kivuko, kwenye ziwa lenye ukungu. Mwanamke mmoja anavuka kila wiki na kikapu cha mayai. Wanasalimiana. Siku ya mvua wanakula mkate pamoja chini ya paa la gati, na hiyo ndiyo filamu yenyewe, hakuna aliyepigwa hata kofi. Mwishoni mwanamume anapanda kivuko yeye mwenyewe, na mwanamke anabaki gatini ameshika taa. Kwa kinywa cha Ngosha, mwanamume alisema, "Naenda kumzika mama. Sijui nitarudi lini." Na mwanamke akajibu neno moja: "Utanikuta."

Mwaka uliofuata, Paulo, mchumba wake Wilhelmina, alikwenda migodini Geita na akakawia mpaka watu wakaanza kumwonea huruma msichana wa watu. Shangazi zake walimletea mwanamume mwingine. Wilhelmina alimkaribisha, akampa soda, akamsindikiza. Paulo aliporudi, amekonda, hana kitu, alimkuta. Waliishi vizuri miaka mingi, wakampata Princess, mpaka ugonjwa wa figo ukamchukua Paulo. Kwa hiyo unapomsikia Wilhelmina akisema kuwa filamu bora kuliko zote duniani ni ile ya taa, usidhani anazungumzia filamu tu.

Kisha akaja Obiero.

Obiero ni fundi mitumbwi, aliyefiwa na mke wake wa pili, mtu wa Shirati aliyehamia Pasiansi baada ya mwanawe Nestory kupata kazi mjini. Alianza kununua nyanya kwa Wilhelmina, na akanunua nyingi kuliko anavyoweza kula mtu anayeishi peke yake. Hellen ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Nestory, unakula nyanya au unazioga?"

Obiero alicheka akatazama chini. Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alikuwa msikilizaji mzuri. Wilhelmina alipomweleza juu ya mzee wa vigoda, alifikiri kidogo, akasema, "Na vigoda vyenyewe vilikuwa imara. Fundi wake hasifiwi." Wilhelmina alikwenda nyumbani akiwaza kwamba, kweli, miaka yote hakumfikiria fundi wa vigoda.

Asubuhi moja, soko likiwa bado halijachangamka, Obiero aliweka kikapu chini.

"Mama Princess, mimi si mtu wa maneno. Nyumba yangu ina mwangwi. Ningependa tukae pamoja, mimi na wewe, kwa utaratibu wote, kanisani na kwa ndugu zako."

Wilhelmina alipanga vitunguu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Alimtaka, na alijua anamtaka. Lakini hakutaka kukosea kumchagua mtu wa kuingia mahali pa Paulo. Akamuuliza kitu pekee alichoona kingempa jibu.

"Umewahi kuona filamu moja ya zamani, mtu analinda taa kwenye kivuko?"

Uso wa Obiero ulifunguka. "Ya mama wa mayai? Niliiona Shirati! Alitutafsiria Otuoma. Nililia, na sikuwa mtoto."

Wilhelmina alishika meza. Kwa muda mfupi ule, moyoni alikuwa ameshaolewa. "Na mwisho wake? Anavyomwambia?"

"Anamwambia, 'Kule ng'ambo nina mke. Usiningoje.' Na mama anajibu, 'Nenda.' Neno moja tu. Wee! Mke wangu wa kwanza aliposema hawezi tena maisha ya ziwani, anarudi kwao, nilikumbuka neno lile. Sikumpigia kelele. Nilimbebea sanduku mpaka stendi."

"Hapana," alisema Wilhelmina.

"Hapana nini?"

"Hakusema 'nenda'. Alisema 'utanikuta'. Yule mwanamume hana mke, anakwenda kumzika mama yake!"

"Mama Princess, mimi nilikaa benchi la mbele."

"Na mimi nilikaa la pili, na Ngosha hakuwa mwongo! Huyo Otuoma wenu alikuwa amelewa."

"Otuoma alikuwa mzee wa kanisa. Ngosha wako alijua lugha ya wale watu?"

"Otuoma alijua?"

Hellen aliacha kupima dagaa. Obiero aliokota kikapu chake, taratibu, kama mtu anayechelea kuvunja kitu.

"Nimekuelewa," alisema. "Umenijibu."

"Sijakujibu!"

Lakini alikuwa amekwisha ondoka. Na kwa kuwa yeye alifundishwa na filamu ile kwamba mtu muungwana haombi mara mbili, hakurudi. Naye Wilhelmina, aliyefundishwa na filamu ileile kwamba mwanamke hukaa pale alipo mpaka akutwe, hakumfuata. Obiero alianza kununua nyanya upande wa pili wa soko, nyanya mbovu, kwa mujibu wa Hellen.

"Mtaachana kwa ajili ya watu wa kwenye televisheni?" Hellen alimuuliza siku moja. "Tena watu wenyewe hata si wa huku?"

Wilhelmina alipanga nyanya upya. Wiki ile hakumuuliza mteja yeyote ameangalia filamu gani, na hilo lilimtisha Princess kuliko machozi.

Princess ana duka dogo la kuchapisha karatasi na kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Mama yake alikuwa amemsimulia Filamu ya Taa tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alianza kuitafuta mtandaoni kwa kila maneno aliyoweza kuyafikiria: kivuko, taa, mayai, ukungu. Aliletewa mapishi ya mayai, akaletewa ajali za vivuko. Mwishowe, kwenye ukurasa wa mzee mmoja mgeni anayekusanya filamu zilizosahauliwa, aliona picha ya mwanamke ameshika kikapu, na chini yake filamu yenyewe ya kupakua. Alikimbia nayo nyumbani.

"Mama, ni huyu?"

Wilhelmina aliikaribia simu, akavaa miwani, akakaa chini. "Amekonda," alisema. "Nilidhani ni mnene kidogo." Halafu, akivua miwani: "Nenda kamwite Baba Nestory. Mwambie aje Jumapili baada ya ibada, tuone nani aliyedanganywa."

Obiero alikuja na shati lililopigwa pasi na sato wawili kwenye mfuko. Princess alimpokea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Nipo," alisema Wilhelmina kutoka jikoni. "Kaa kwenye benchi la mbele kama ulivyozoea."

Obiero alicheka kidogo, akakaa kwenye kochi. Wilhelmina alichelewa jikoni na wale samaki, kisha akaja akakaa kwenye kiti, mbali. Princess alichomeka flashi kwenye televisheni. Chini ya picha hapakuwa na maandishi ya Kiswahili wala ya Kiingereza, ni lugha ileile ya watu wale, laini, kama watu wanaoongea karibu na mgonjwa. Ukungu ulitokea, halafu gati, halafu taa. Mwanamke akavuka na mayai yake. Siku ya mvua ilipofika na mkate ukakatwa, Wilhelmina alimsikia Obiero akivuta pumzi, naye alikuwa amevuta yake wakati uleule.

Mwisho ukafika. Mwanamume alipanda kivuko. Mwanamke alishika taa. Wilhelmina alisogea ukingoni mwa kiti, Obiero akainama mbele.

Mwanamume alimtazama mwanamke. Mwanamke alimtazama mwanamume. Midomo yao haikufunguka. Kivuko kiliondoka polepole, maji yakasikika, taa ikawa ndogo, na filamu ikaisha.

"Hawakusema kitu," alisema Princess.

 Wilhelmina alilikumbuka banda la Nyakato, jinsi watu walivyogonga mabenchi kila Ngosha aliponyamaza hata kwa pumzi moja, wakidhani kipaza sauti kimekufa. Ngosha hakuwa na ruhusa ya kunyamaza. Bila shaka hata Otuoma hakuwa nayo.

"Basi mimi nilimbebea mtu sanduku kwa neno la Otuoma," alisema Obiero.

"Na mimi nilimngoja mtu kwa neno la Ngosha."

"Unajuta?"

"Hata kidogo. Wewe?"

Obiero alifikiri. "Hapana. Lilikuwa neno zuri kwa siku ile." Akamgeukia Princess. "Mwanangu, rudisha nyuma kidogo. Pale anapopanda kivuko. Na upunguze sauti."

Alisimama, mtu mrefu asiyejua mikono yake aiweke wapi, akaenda kando ya televisheni, pale wanaposimama watafsiri. Kwenye kioo mwanamume yule mpole alipanda tena. Obiero alikohoa.

"Mama Princess," alisema mwanamume wa kwenye kivuko, "mimi sina safari yoyote. Hiki kivuko nimekitengeneza mwenyewe na ninajua kinavuja. Nilipanda kwa sababu nilidhani umenifukuza. Kama hukunifukuza, niambie."

Mwanamke alisimama gatini na taa yake, ananyamaza. Princess aliweka kidole kwenye rimoti, tayari kusimamisha picha, asisimamishe. Wilhelmina aliinuka kwenye kiti chake. Alikuwa na maneno mawili aliyotunziwa tangu zamani, moja la Nyakato na moja la Shirati, na yote hayakumfaa.

"Kaa," alisema. "Wale samaki nimeshawakaanga."

Obiero alibaki amesimama kando ya televisheni. "Hayo unamsemea yule mama, au ni ya kwako?"

"Princess," alisema Wilhelmina akielekea jikoni, "lete sahani tatu. Na huyo mtafsiri mwambie anawe mikono."