Watu Kumi na Wawili, Siku Nane

Jamani wenzangu wa mgodini, leo nimekadiria kazi ya watu kumi na wawili, na nimeianza peke yangu.

Mgodi wetu hapa Geita unafungwa. Asubuhi msimamizi akaniita: "Masanja, zile nyaya za umeme tulizofukia toka mashineni hadi shimoni, kuzichimbua zote ni watu wangapi, siku ngapi?"

Sikufikiri hata kidogo. "Kumi na wawili, siku nane."

Si ndivyo tulivyozifukia kabla ya Vita vya Pili vya Dunia?
Mimi naimba, ninyi mnaitikia, sururu zinashuka pamoja. Sisi hatukupima mtaro kwa kamba, tulipima kwa nyimbo.

Akashika kalamu. "Nitajie majina."

Nikaanza kwa kujiamini kabisa.
Luhende... karudi kwao kulima pamba.
Shija... tulimzika.
Na ninyi wengine wote mlishakwenda Songwa kwenye almasi.

Nikajikuta nimenyoosha kidole kimoja tu. Changu.

(Mnacheka? Chekeni.)

"Basi ni siku tisini na sita," akaandika. Wala hakuwa anatania.

Mchana nikashuka mtaroni. Nikaimba mstari wa kwanza, nikainua sururu juu, nikasubiri kama tulivyozoea.

Nikasubiri kiitikio, sururu bado iko juu.

Nyie wa Songwa, mkifika hapa katika barua hii, itikieni tu huko huko mliko.
Niishushe hii sururu.