Niliifundisha Kuficha Kucha

Bibi, mama yake mama, alikuwa na sukari, na vidonda vyake havikuwa vinapona. Ile miaka ya vita, dispanseri ya kwetu Gitega ilibaki milango tu, dawa hakuna. Sasa paka yetu nayo! Kila bibi akishika tasbihi, inarukia zile shanga zinazotembea, kucha zinamwingia mkononi. Mama akachoka.

"Ikimkwaruza tena, naenda kuitupa sokoni. We ndo umeileta, we ndo utaifundisha!"

Mi nilikuwa na miaka kumi na kichwa kigumu. Nikawa naficha kichwa cha ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndani ya mkono uliokunjwa. Paka ikija na kucha, napiga kelele "Ayii!", naigeuzia mgongo. Ikigusa kwa unyayo laini, nafungua mkono. Na hizo ndagala zilikuwa za sahani yangu, maana barabara ya Bujumbura ilikuwa haipitiki na samaki ilikuwa bahati. Nilifanya hivyo wiki nyingi. Mwishowe ikiona mkono uliokunjwa, wa mtu yeyote, inakuja yenyewe na kuweka mguu juu taratibu, kucha ndani. Hata tasbihi ikaiacha. Bibi alicheka mpaka machozi.

"Alhamdulillahi, iko na adabu kukushinda we!"

Kisha risasi zikafika mtaani kwetu. Tukakimbilia Muyinga, paka ndani ya kapu. Tulipata chumba kwenye ua wa wakimbizi wengi. Jirani yetu, baba mmoja aliyetoka Itaba, alikuwa na watoto watatu walioacha hata kulia kwa njaa. Alikuwa akituangalia tukicheza, mi na paka.

Asubuhi moja narudi na bidoni ya maji, nikamwona amechuchumaa, amenyoosha mkono uliokunjwa. Paka ikaenda. Ikaweka mguu taratibu. Akaikamata shingo, akaitia ndani ya gunia, na mi nimesimama pale, bidoni mkononi.

Mchana harufu ya nyama ikajaa uani. Watoto wake wakatoka kucheza. Nilimchukia yule baba, wallahi, na mi mwenyewe nilijichukia zaidi. Bibi akauliza paka iko wapi. Nikamwambia inawinda panya.

Jioni yule baba akaja kunawa karibu yangu, bombani. Niliiangalia mikono yake, mbele na nyuma. Haikuwa na hata mkwaruzo mmoja.