Siri Niliyotaka Kuingia Nayo kwenye Mionzi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliketi nje ya chumba cha mionzi huko Mombasa, ubavu ukiniuma hadi machozi yananitoka. Nilikuwa bibi harusi mpya pale Gazi, na mavyaa yangu, mama mzaa baba yako, ndiye aliyenisindikiza. Daktari alikuwa ameagiza nipigwe picha ya CT.

Mpiga picha akatoka, akatuamkia kwa adabu, kisha akaniuliza, "Dada, huenda una ujauzito?"

"Hapana!" nikajibu upesi. Ningesemaje? Kwetu mimba changa haitangazwi, hungojwa ijioneshe yenyewe, maana watu wana vijicho. Hata baba yako sikuwa nimemwambia. Nitamke mbele ya mavyaa? Lo! Haya zilinijaa tele.

Mavyaa akanigeukia. Alikuwa mkali yule, Mungu amrehemu, na nilimpenda hivyo hivyo.

"We mtoto, tangu juzi waikimbia harufu ya samaki wangu wakavu, ng'onda, jikoni kwangu, wadhani mimi kipofu? Mficha uchi hazai! Majirani wafiche hadi waote mvi, lakini huyu mwambie."

Nikalia, nikasema. Mpiga picha hakunicheka. Alikwenda kushauriana na daktari, nikapelekwa kwenye altrasaundi, ambayo haina mionzi ya kumdhuru mtoto tumboni. Kikaonekana kijiwe cha figo, nikatibiwa, nikapona. Jikoni mavyaa hakupika ng'onda tena mpaka nilipojifungua.

Sasa nawe umeandikiwa CT ya hicho kichwa kesho. Usiogope, mwanangu. Mionzi ile hutolewa kwa kipimo, na daktari akiona faida yake inazidi madhara, ingia. Ila isiwe ya kudai tu, ati kwa sababu jirani naye alipigwa. Waulize kama kuna njia nyingine, si utovu wa adabu kuuliza. Zile picha za mwaka jana zibebe, pengine zitawasaidia. Ukilazwa pale tulia tuli, picha isije ikarudiwa bure. Na kama una mimba, au unashuku tu, sema. Hata mjamzito huingia ikibidi, lakini huingia madaktari wakijua.

Nenda kwa amani, Mungu akuondolee maumivu, akurudishe kwangu ukicheka. Na haya zikikushika pale mlangoni, mwanangu, kumbuka kwamba siri niliyoificha siku ile ilikuwa wewe.