Fomu Mbili za Wifi

Wifi yangu ni mhudumu katika wodi ya watoto. Miaka tisa amefua mashuka ya mikojo, amesukuma vitanda, amebeba watoto wa watu mpaka kiuno kimekuwa cha bibi kizee. Akirudi nyumbani hakai, hujibwaga kwenye kiti, miguu juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Wiki ile alikuwa na fomu mbili mezani. Moja ya uuguzi msaidizi, mwaka mmoja tu. Nyingine ya uuguzi kamili, miaka mitatu, na mwisho wake mtihani wa kusajiliwa. Siku ya mwisho ni Ijumaa, na mtu anarudisha moja tu.

"Chukua ya mwaka mmoja, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Umri huo ukakae darasani miaka mitatu na vitoto?"

"Nitakaa nyuma, Mama, niwe nawafuta makamasi. Si ndiyo kazi yangu?"

Tulicheka. Lakini niliona jina lake limeshaandikwa kwenye ile ya mwaka mmoja. Amechoka, nikasema moyoni. Aliyechoka hatafuti njia ndefu.

Jumatano mwanangu alishikwa na homa kali, tukalazwa wodini kwake. Sista alimtundikia dripu, mara akaitwa wodi ya wazazi. Haukupita muda nikaona mkono wa mtoto unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Nikamwita wifi. Alitupa jicho mara moja.

"Sindano imetoka kwenye mshipa. Dawa inaingia kwenye nyama."

Akamkimbilia muuguzi msaidizi wa zamu. Yule dada alikuja, akaifunga dripu, akasimama.

"Kutafuta mshipa mwingine ni kazi ya sista. Mimi siruhusiwi."

"Lakini unajua?"

"Najua sana, dada yangu. Miaka saba naangalia. Mikono ninayo, ruhusa sina."

Basi tukasubiri, wanawake watatu tumemzunguka mtoto mmoja, dawa inaning'inia juu, homa inapanda. Wifi alimkanda kwa kitambaa cha maji. Sista alifika baada ya saa nzima, anahema, aproni imelowa. Alichoma mara moja tu, dawa ikaanza kudondoka.

Ijumaa asubuhi mtoto alikuwa ameanza tena kunyonya. Wifi alikuja na fomu ya miaka mitatu, akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Mingi hiyo, wifi," nikamwambia.

"Mingi."

"Na kiuno?"

"Kitauma huku, kitauma kule. Nisomee, macho yangu yamejaa usingizi."

Nikamsomea. Jina. Umri. Sababu ya kuchagua kozi hii. Hapo akamtazama mwanangu, kisha akaandika polepole: *Nimechoka kusubiri mwenye ruhusa.*

Akaniuliza kama wakubwa wataikubali sababu ya namna hiyo. Nikasema sijui. Akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akaenda kubadilisha shuka la kitanda cha pili.