Afisa wa Mfalme Aliyekaa Matanga

Shule niliiacha mapema, nikazoea kusoma popote ninapofikia. Kipupwe kile nilikuwa nimefikia Edmonton, kwa Waingereza, nimepewa chumba na kaka mmoja wa Unguja aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la vyakula. Mie kazi zangu zilikuwa za kuokoteza. Maktaba ilikuwa karibu na ina joto, nikaazima kitabu kinene juu ya maisha ya afisa mmoja wa kasri la mfalme wa China, mtu wa karne nyingi zilizopita. Jioni kaka akipika, mie nikimsimulia nilipofika.

Alimpenda yule afisa. Alipenda alivyoanguka mtihani akaurudia, alivyoanza kwa kunakili amri za mfalme mpaka akawa anaziandika mwenyewe. Kaka naye alikuwa akingojea cheo. Baada ya miaka ya kupanga maboksi, Jumatatu angeanza kuwa supavaiza.

"Mwenzangu kafika wapi leo?" aliniuliza Ijumaa ile.

"Kafiwa na mama yake."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Ehe."

"Basi kavua mkanda wa cheo, karudi kwao kukaa matanga. Ndiyo sheria yao. Miaka miwili na zaidi."

"Miaka? Sisi siku tatu tu na watu tunalalamika."

"Na ukificha msiba usipoteze kazi, ukijulikana unafukuzwa."

"Nani atamjua? Kwao si mbali?"

"Watu husema, kaka."

Akazima jiko, na mchuzi haujaiva. Akaniambia mama yake amefariki jana asubuhi. Alipigiwa simu akiwa kazini, akamaliza zamu, akarudi, akapika, akanisikiliza nikisimulia habari za China. Kule wameshamzika. Hapa angesema, nyumba ingejaa mpaka Jumatatu, na meneja alikwisha kumwambia nafasi ile haimngoji mtu.

"Nilitaka Jumatatu ipite tu," alisema. "Halafu ningesema habari imenifikia sasa hivi."

Nilimpa pole, nikakifunga kitabu. Kaka akaifunika sufuria. Kisha akampigia shangazi yake wa Harrow, upande wa pili wa jiji, na baada yake meneja. Kwa meneja alizungumza Kiingereza kifupi, kwa adabu, kisha akaweka simu chini.

"Watamjaribu mwengine," akasema.

Jumamosi viatu vilijaa ukumbini mpaka mlangoni. Wanawake walikuja na masufuria yao kwa basi. Watoto walikaa kwenye ngazi, bibi zao wakiwasemesha Kiswahili, wao wakijibu Kiingereza. Kaka alikaa mkekani akalia, kilio ambacho nadhani alikuwa amekibana tangu Alhamisi. Jumatatu asubuhi nilimwona akitazama saa ya ukutani, kisha akainamia juzuu yake akaendelea kusoma na wenzake.

Jumanne jioni, watu wamekwisha kuondoka, tulipasha moto wali uliobaki. Kesho yake alikuwa anarudi kwenye maboksi. Nje theluji ilikuwa imegeuka matope.

"Na yule Mchina," akasema, "walimrudishia cheo chake?"

"Kazini walimrudisha. Cheo walikwisha kumpa mwengine. Yeye wakampeleka mkoa wa mbali, kusini kabisa, kwenye joto."

Kaka alitafuna taratibu, macho yake dirishani.

"Joto khasa?"

"Kitabu kinasema hata migomba ilikuwako."

"Basi huyo kapandishwa," akasema, akaniongezea wali.